Je, Kucheza Ngoma ni Dhambi?

Wengine husema: "Ngoma yote ni ya shetani, mkristu asicheze." Tulipime neno hili.

Mfalme Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Agano. Mikali, mke wake, akamdharau, akamlaumu kwamba amejifunua mbele ya vijakazi. Daudi akajibu kwamba alimchezea Bwana. Tena mwaka 1988 Roma ilikubali Misa ya majimbo ya Zaire, ndiyo Kongo yetu, ambamo watumishi huizunguka altare wakicheza. Basi mwili si mchafu. Mungu ndiye aliyeuumba.

Lakini katika karamu ya Herode binti alicheza, mfalme akapendezwa, akaapa ovyo, na Yohane akakatwa kichwa. Injili haisemi kwamba mchezo ule ulikuwa wa aibu. Lawama ni ya Herodia aliyekitaka kichwa, na ya mfalme aliyekitoa. Kumbe mwenye kutazama naye ana hesabu yake.

Kwa hiyo jiulize: Wimbo huu wamtukana mtu? Mchezo huu wamfanya mwenzangu kuwa kitu cha tamaa? Je, ningeucheza mbele ya wakwe zangu? Moyo ukisita, miguu nayo isimame.