Kinywa cha Dhalimu: Mchawi wa Mfalme na Swali la Hasira

Mhusika anayechunguzwa katika makala hii ni yule ambaye uhakiki wetu umezoea kumpita njiani ukienda kumtafuta bwana wake. Katika hadithi za vita baina ya falme za kubuni, dhalimu huchambuliwa kwa kirefu: asili ya tamaa yake, hofu zake, anguko lake. Pembeni mwa kiti chake husimama mtu mwingine, mchawi aliyebobea na asiye na huruma, ambaye ndiye hasa anayezitia amri nguvu. Huyu tunamaliza habari zake kwa neno moja: chombo. Tunakusudia kulihoji neno hilo. Je, mchawi anayemtumikia dhalimu ni chombo tu, na kwa hiyo lawama yake ni pungufu? Au ni mtendaji kamili, na lawama yake ni sawa na ya bwana wake? Au yawezekana, kama nitakavyodai, kuna namna ya uovu iliyo yake peke yake, ambayo hata dhalimu mwenyewe hana?

Mfano ulio bayana zaidi umo katika The Lord of the Rings, kazi ya J.R.R. Tolkien iliyotolewa kwa mafungu mwaka 1954 na 1955. Jeshi dogo la wapinzani linapofika mbele ya lango la nchi ya Sauron, anayetoka kuwalaki ni binadamu hai, msimamizi wa ngome, aliyeingia katika utumishi huo akajifunza uchawi mkuu na kupanda cheo kwa werevu wake. Anaitwa Kinywa cha Sauron. Jina lake la kuzaliwa halimo katika simulizi yoyote, kwani yeye mwenyewe amelisahau. Amebeba mavazi na silaha za wenzao waliodhaniwa kutekwa, na anavionyesha kimoja kimoja kabla ya kutaja masharti. Ukatili wake ni wa mtu anayepanga bidhaa mezani. Hasira humpanda mwishoni tu, pale biashara yake inapokataliwa. (Saruman, mchawi mashuhuri zaidi wa kitabu hicho, tunamwacha kando, yeye alitaka kuwa mfalme badala ya mfalme, na hilo ni swali jingine.)

Ili kumpima mhusika huyu tunahitaji kipimo, na napendekeza tukitafute Mwatate. Sababu yangu haitokani na uzalendo wa eneo. Wadawida, wenyeji wa milima inayoinuka juu ya Mwatate, hawakuwa na dola ya kifalme. Mamlaka yalikuwa ya wazee, na elimu ya dawa ilikuwa mikononi mwa wajuzi waliojulikana na majirani zao. Ulinzi wa vijiji ulitegemea Fighi, mahali patakatifu penye dawa zilizoaminika kuwazuia maadui na hatari nyingine za kutoka nje. Kwa maneno mengine, hapa tuna nguvu za siri ambazo ni kali na za kuogopwa, lakini hazina kiti cha enzi cha kuzikodi. Jamii ya namna hii ililazimika kulijibu swali la uovu wa nguvu hizo bila kumtwisha mfalme jibu.

Jibu lenyewe tunalipata katika ibada ya kutasa. Mwanaanthropolojia Grace Harris, katika kitabu chake cha mwaka 1978, aliiweka hasira katikati kabisa ya dini ya Wadawida, na kichwa cha kitabu hicho kinaitaja hasira inayotolewa na kutupwa nje. Maradhi na mikosi mingi ilihusishwa na hasira iliyokaa moyoni mwa mtu mwenye haki juu ya mwingine: mzazi aliyepuuzwa, mzee aliyenyimwa heshima, mhenga aliyesahauliwa. Hasira hiyo haikuhitaji tendo ili idhuru. Yalitosha makazi yake moyoni. Dawa yake ilikuwa kutasa: mzee hujaza kinywa maji ya muwa au pombe, akayapuliza nje, na pamoja nayo akatamka maneno ya heri. Anayekiri hivyo kwa kinywa chake hadai kwamba hakuwahi kukasirika. Anakubali kwamba hasira ilikuwapo, kwamba ilikuwa yake, na kwamba sasa ameitoa.

Tukiyatazama haya kwa jicho la falsafa ya maadili, tunaona nadharia kamili. Madhara yana mwenyewe. Mwenyewe huyo ana uhusiano na aliyedhurika, na ni uhusiano huohuo unaomtia hasira na unaowezesha suluhu. Anayekukasirikia bado anakuhesabu kuwa mtu wake, au walau mtu.

Sasa tumweke mchawi wa dhalimu katika mizani hii. Huyu anadhuru bila hasira. Wale anaowaangamiza hawajamkosea, pengine hawajui hata sura zake, na yeye hana haja ya kuzijua zao. Hasira iliyopo ni ya bwana wake, naye ameikodishia mikono. Ukimwita Kinywa cha Sauron kwenye kutasa, atatema nini? Kinywa si chake. Hapa ndipo ninapoona uovu usiopatikana hata kwa dhalimu. Dhalimu anachukia, na chuki yake, hata iwe mbaya kiasi gani, ni fundo ambalo kwa kanuni laweza kufunguliwa. Ujira haufunguliwi, kwa kuwa hakuna kilichofungwa.

Msomaji atauliza kama hili si lilelile alilolisema Hannah Arendt mwaka 1963 kuhusu Adolf Eichmann. Yapo yanayofanana, lakini kuna tofauti inayonifanya nisiutumie mfano huo kama ufunguo. Arendt alimwona mtu aliyeshindwa kufikiri. Mchawi wetu hajashindwa kufikiri. Mara nyingi ndiye mwenye akili kuliko wote waliomo katika jumba la mfalme, na elimu yake ndiyo iliyompa nafasi. Swali letu, kwa hiyo, linawahusu wajuzi. Nadhani halituhusu kidogo sisi tunaoishi kwa kuuza elimu.

Hoja iliyotolewa hadi sasa inakabiliwa na pingamizi zito, nalo ni la kulazimishwa. Wangapi kati ya watumishi wa madhalimu walichagua? Milima ileile ya Taita inatukumbusha tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mwaka 1915, wakati reli ya kijeshi kutoka Voi ikijengwa kupitia Mwatate kuelekea Maktau, Waingereza waliwahamisha kwa nguvu wakazi wa Kasigau hadi Malindi kwa tuhuma ya kuwasaidia Wajerumani, na takriban miaka ishirini ilipita kabla hawajaruhusiwa kurudi. Jamii nzima iliadhibiwa kwa kudaiwa kumtumikia adui, katika vita ambavyo haikuvianzisha na baina ya falme mbili ambazo hakuna hata moja iliyokuwa yake. Neno «mtumishi wa adui» ni rahisi kulitamka kwa aliye na bunduki.

Kwa pingamizi hili sijui matini bora kuliko kisa cha wachawi wa Firauni, ambacho wasomaji wa Kiswahili wamekipokea kwa njia mbili, ya Biblia na ya Kurani, na njia hizo hazifiki mahali pamoja. Katika kitabu cha Kutoka, Haruni anapoyageuza maji kuwa damu, waganga wa Misri nao wanayageuza maji kuwa damu. Haruni anapowaleta vyura, nao wanaleta vyura. Tutue hapa kidogo. Nchi imejaa vyura, watu wanateseka, na wajuzi wa serikali wanaonyesha ustadi wao kwa kuongeza vyura. Hakuna anayewaona wakijaribu kuwaondoa. Kwa hilo Firauni analazimika kumsihi Musa. Utumishi wao haupimwi kwa manufaa ya Misri. Unapimwa kwa kutopitwa na mpinzani wa bwana wao. Wanaposhindwa kuleta chawa, wanamwambia Firauni ukweli, kwamba hiki ni kidole cha Mungu, lakini hawaondoki barazani. Mara ya mwisho tunapowaona wana majipu, hawawezi kusimama mbele ya Musa.

Katika Kurani mwendo ni mwingine. Sura ya Al-Aaraf inawaonyesha wachawi wakifika kwa Firauni na kuuliza kwanza habari ya ujira: watapata malipo wakishinda? Firauni anakubali, na anaongeza kitu ambacho hawakukiomba, kwamba watakuwa miongoni mwa watu wake wa karibu. Dhalimu anajua kwamba mshahara pekee hautoshi kumfunga mjuzi. Humfunga kwa ukaribu. Kisha fimbo ya Musa inayameza mazingaombwe yao, na hao waliokuja kwa malipo wanaanguka kusujudu. Kinachomkasirisha Firauni zaidi ni kwamba wameamini kabla hajawapa idhini. Anatishia kuwakata mikono na miguu kwa kupishana na kuwasulubu, nao hawarudi nyuma.

Jambo linalonishughulisha ni lile linalosemwa katika sura ya Taha. Wachawi haohao, baada ya kuamini, wanasema kwamba wanatumaini kusamehewa makosa yao pamoja na uchawi ambao Firauni aliwalazimisha kuufanya. Basi walikodiwa au walilazimishwa? Mhakiki anayetaka ulinganifu atasema kuna kauli mbili zinazopingana. Mimi nasoma vingine. Mtu anayemtumikia dhalimu hupatana bei na mtu ambaye kumkataa haiwezekani, na mapatano ya namna hiyo ni ujira na shurutisho kwa pamoja. Lipi litatajwa hutegemea siku anayoulizwa. La muhimu zaidi ni kwamba wachawi hawa hawaitumii shuruti kujitetea. Wanaomba msamaha kwa jambo walilolazimishwa. Lingekuwa si lao, wangeliombea msamaha kwa nini? Wanalichukua tendo lililofanywa kwa amri ya mwingine na kulitamka kwa vinywa vyao kuwa lao, na wanafanya hivyo mbele ya yule aliyewaamuru, wakati ambapo kulitamka kunagharimu viungo vya mwili. Kwa Mdawida mzee, naamini, hapa pasingehitaji tafsiri ndefu.

Kwa hiyo pingamizi la kulazimishwa halifuti hoja yetu, ila linaihamisha. Hatuulizi tena kama mchawi alikuwa huru alipoingia katika utumishi. Tunauliza kama kimebaki ndani yake mtu wa kulikiri tendo. Tofauti ya wachawi wa Firauni na Kinywa cha Sauron haiko katika ukubwa wa dhambi. Huenda wa kwanza walitenda mengi. Iko katika kusahau jina.

Fasihi yetu andishi imemwendea mhusika huyu kwa tahadhari. Shaaban Robert, katika Kusadikika (1951), anampa Majivuno kazi ya kumshitaki Karama mbele ya mfalme, na jina lake linatuambia yote kabla hajafungua mdomo. Mbinu hiyo ina nguvu yake, lakini kwa swali letu ina udhaifu: mtu aliyeitwa Majivuno tangu mwanzo hawezi kulipoteza jina lake, wala hawezi kushuka au kupanda. Kufikirika, riwaya iliyotoka baada ya mwandishi kufariki mwaka 1962, inakaribia zaidi, kwa sababu humo wajuzi wa kila aina wanaitwa kuitumikia haja ya mfalme, na haja hiyo inaishia kwenye shauri la kumwaga damu ya raia. Hata hivyo mwandishi anavutiwa na upumbavu wa shauri kuliko dhamiri ya washauri.

Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile (1969), anageuza picha. Hapa mwenye maji ya uganga hana mfalme. Anasimama upande wa wanaodhulumiwa katika vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Nadhani ndiyo maana mzigo wake ni mzito zaidi. Anapogundua kwamba neno lake limeshika njia yake lenyewe na kwamba watu watakufa kwa kuliamini, hana wa kumwelekezea kidole. Mwishoni anatakiwa na Wajerumani atamke kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Mtu anaweza kumlaumu kwa hilo, na wanafunzi wangu wengi humlaumu. Lakini kinywa kinachokataa pale ni cha Kinjeketile mwenyewe.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika riwaya yake ya Kigikuyu Mũrogi wa Kagogo, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 2006, amelifikisha suala hili mbali zaidi kuliko mwandishi yeyote wa kwetu ninayemfahamu. Anayeitwa mchawi ni Kamiti, kijana aliyetundika hirizi za kubuni mlangoni ili kuwatisha polisi waliomfukuza, na ambaye anaishia kuwa mganga wa kweli kwa sababu anawasikiliza wagonjwa. Anapoitwa kwa Mtawala wa Aburĩria, hafanywi wa kwake. Uchawi wa utumishi uko kwa mawaziri. Machokali alikwenda London kukuzwa macho ili awaone maadui wa Mtawala popote walipo. Sikiokuu akaenda Paris kukuzwa masikio ili asikie minong'ono yao. Hawana ndumba wala tunguri, wana madaktari wapasuaji. Kila mmoja amekitoa kiungo chake na kukifanya mali ya dola, na majina yao yametokana na viungo hivyo. Tolkien alimpa mtumishi wa Sauron jina la kiungo cha bwana wake. Ngũgĩ anawaonyesha watumishi wakilipia nauli na upasuaji ili wageuzwe kuwa viungo, kisha wakishindana nani amegeuka zaidi.