NI NANI MWENYE HATIA?

Je, mama aweza kuwa na hatia kwa neno asilolijua? Swali hili tuliliwaza sana katika kijiji kimoja cha delta ya Rufiji, tulipomwona mtoto wa jando ambaye damu yake ilikuwa haijakoma siku ya tatu. Watu hawakuuliza mashua iko wapi. Waliuliza mama yake amekiuka mwiko gani. Mtoto alichukuliwa kwa maji hata Nyamisati, na kwa gari hata Kibiti, akapona kwa shida. Lakini jina la mama yake halikupona.

Na tuitazame damu yenyewe. Kuganda kwake ni kama wando wa kuvulia samaki: fito nyingi husimama pamoja, na ufito mmoja ukikosekana, samaki hupita wote. Mwenye ugonjwa wa hemofilia amepungukiwa na ufito mmoja, ule ambao madaktari huuhesabu wa 8 au wa 9. Damu yake haitoki kwa kasi kuliko ya wengine, bali hukawia kukoma. Tena pengine huvuja ndani, katika magoti na viwiko.

Mtu atasema, "Basi watoka kwa mama, tulisema kweli!" Sivyo. Mara nyingi mama ndiye auchukuaye, na kila mwana amzaaye aweza kuupata au kuukosa, nusu kwa nusu. Lakini hakuuchagua, kama asivyochagua kimo chake. Tena kwa wagonjwa kama mmoja katika watatu, huanza upya katika ukoo usioujua kabisa. Victoria, malkia wa Uingereza, aliuchukua, na mwanawe Leopold alianguka akafa mwaka 1884. Je, kule nako ulivunjwa mwiko wa jando?

Waalimu wa Kiyahudi wa zamani hawakujua asili yake. Hata hivyo, ingawa tohara kwao ni agano la Ibrahimu, imo katika Talmudi hukumu hii: mama akifiwa na wana wawili kwa tohara, wa tatu asitahiriwe. Hawakutafuta wa kulaumiwa. Walitafuta wa kuokolewa.

Basi hatia haimo katika kutojua. Huanza pale tujuapo tukanyamaza. Kabla ya jando tuulize: kaka za mtoto, au wajomba zake, walitokwa na damu isiyokoma? Ikiwa ndivyo, ngariba asimguse mpaka daktari amwone. Damu ikitoka, tukibane kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia, kiungo kitulie, tusimpe aspirini, tumpeleke upesi. Huko Muhimbili, Dar es Salaam, wako madaktari wa ugonjwa huu, na iko dawa ya kurudisha ufito uliopungua.

Yule mwanamke wa Injili aliyetokwa na damu miaka 12 hakuulizwa dhambi yake, aliitwa binti. Nasi mama wa mtoto huyu tumwite nani? Tumwite ndugu yetu, tukamshike mtoto upande wa pili, mashua ipate kuondoka.