Nani Ayajua Maumivu ya Mgonjwa?

Wazee walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Neno hilo twalitumia kila siku, lakini penye kitanda cha mgonjwa twalisahau upesi.

Tumfikirie mama mmoja wa hapa Musumba, mwenye virusi vya ukimwi. Mumewe yuko migodini Kolwezi. Kila siku mama humeza dawa, na damu yake ikipimwa, virusi havionekani tena. Mwuguzi afurahi, nasi twamshukuru Mungu, kwa maana dawa hizo zimeokoa watu wengi mno. Lakini usiku mama huyo halali. Nyayo zamchoma kama moto, na moyoni aogopa siku mumewe atakapojua. Je, yu mzima? Damu yasema ndiyo. Mwenyewe hajaulizwa.

Jambo hili limewashughulisha waganga wa Afrika. Chama kimoja chenye makao yake Kampala, kinachoshughulikia utulizaji wa maumivu katika Afrika, kimetunga maswali kumi. Saba huulizwa mgonjwa mwenyewe, na matatu mtu wa nyumbani anayemwuguza. Mgonjwa huulizwa habari za siku tatu zilizopita: maumivu yake, wasiwasi wake, kama aliweza kumweleza mtu yaliyo moyoni, kama alikuwa na amani. Aweza kujibu hata kwa mkono: ngumi ni sifuri, vidole vyote ni tano.

Wengine watasema: Wagonjwa ni wengi, mwuguzi ni mmoja, atapata wapi nafasi? Tena huzuni ya mtu itahesabiwaje kwa vidole? Kweli, vidole havitoshi kupima huzuni. Lakini vyafungua mlango. Anyoshaye vidole vinne amekwisha kusema lile ambalo neno "sijambo" lingalificha.

Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Mombasa kwa wagonjwa 120 waliokuwa wakimeza dawa za ukimwi. Nusu yao walitunzwa zaidi na wauguzi waliofundishwa kuangalia mateso ya mwili na ya moyo pia. Katika maumivu ya mwili haikuonekana tofauti kubwa. Lakini katika utulivu wa moyo na akili waliwapita wenzao. Basi kuna maumivu yasiyofikiwa na kidonge.

Hapa twafika penye haki. Aulizaye amejitia deni. Kumwuliza mgonjwa, kuandika namba, kisha kuifungia karatasi kabatini, ni kumdanganya. Na kumwuliza mbele ya majirani ni kumfunga kinywa. Hatudaiwi kuponya kila kitu. Twadaiwa kusikia na kutenda lile tuwezalo. Mgonjwa naye ana wajibu wa kusema kweli, kwani mficha maradhi kilio humfichua. Lakini nani atasema kweli kwa mtu aliyekwisha kugeuka kuondoka?

Bwana wetu alipofika karibu na Yeriko alimwuliza kipofu anataka afanyiwe nini. Upofu wake ulikuwa wazi kwa wote. Hata hivyo alimwuliza, akangoja jibu, wala hakuwaachia makutano kumjibia.

Basi, ndugu, tukienda kumzuru mgonjwa, tusitangulie kumwambia kwamba amepata nafuu. Tukae kwanza. Tumwulize siku hizi tatu zimepitaje, kisha tunyamaze mpaka ajibu.