Nakshi na Utulivu wa Moyo

Tuchukue mfano wa watu wawili walioketi mezani. Mmoja ana kalamu ya wino na kipande cha karatasi. Anachora jani dogo, kisha la pili, kisha la tatu, hata karatasi ijae majani mia mbili, na saa nzima imepita. Wa pili anachora jani moja tu katika kompyuta, anaiamuru ilirudie mara mia mbili, na mara kazi imekwisha, tena majani yake yamelingana kuliko ya mwenzake. Je, watu hawa wamefanya jambo moja? Wengi watajibu upesi kwamba ndiyo, kwa kuwa karatasi zao zafanana. Sisi twaona yafaa tukawie kidogo kabla ya kujibu, maana swali hili halihusu karatasi tu, bali lahusu kazi ya mikono yetu na faida tunayoitafuta ndani yake.

Desturi ya kuchora nakshi kwa ajili ya kutuliza moyo ina wafuasi wengi siku hizi. Njia mojawapo huitwa Zentangle, nayo ilianzishwa na Rick Roberts na Maria Thomas huko Massachusetts, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maria, aliye fundi wa kuandika herufi za mapambo, alimweleza Rick jinsi alivyozama katika kuchora nakshi hata akasahau mengine yote, naye Rick akatambua kwamba hali hiyo ndiyo kutafakari. Wakaitengenezea njia nyepesi. Huchukuliwa karatasi ya mraba, upande wake kama sentimita 9. Kwa penseli hutiwa nukta katika pembe nne, nukta zikaunganishwa, na ndani yake hupitishwa mstari uitwao uzi, ambao huigawanya nafasi. Kisha kila sehemu hujazwa nakshi kwa wino, mstari baada ya mstari. Kifutio hakitumiki. Mstari ukienda upande hauondolewi, bali hutafutiwa mahali pake katika nakshi.

Kompyuta ina njia nyingine. Programu za michoro ya vekta, kama Inkscape, iliyoanza kutolewa bure mwaka 2003, hazihifadhi mchoro kama madoa ya rangi, bali kama nukta pamoja na kanuni za hesabu za mistari ipitayo kati yake. Kwa hiyo mchoro waweza kukuzwa toka ukubwa wa stempu hata ukubwa wa ukuta bila kufifia. Mistari yake iliyopinda huitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya Renault ya Ufaransa, aliyeitumia katika miaka ya 1960 kusanifu bodi za magari. Umbo moja laweza kutolewa nakala nyingi zilizofungamana nalo. Ukiligeuza lile la asili, zote hugeuka pamoja. Na lililokosewa hutenguliwa kwa kubonyeza vitufe viwili, lisibaki hata alama.

Angalieni basi ni nini kilichoondolewa. Mashine imetuondolea kurudia, tena imetuondolea kosa. Kwa mwenye kutafuta nakshi, hiyo ni mizigo miwili aliyotuliwa. Lakini mwenye kutafuta utulivu alikuwa ameyafuata hayo hayo. Katika jani la arobaini ndipo pumzi hupoa, na mawazo ya madeni na ugomvi yakaacha kupigana. Na katika mstari ulioharibika usiofutika ndipo mtu hujifunza kuendelea na kazi yenye dosari, kama tunavyoendelea na maisha yetu, ambayo hayana kitufe cha kutengua. Hakuna awezaye kulala usingizi kwa niaba ya mwenziwe, wala hakuna mashine iwezayo kutulia kwa niaba yetu.

Hata hivyo tusiilaumu kompyuta kupita haki. Injili za Lindisfarne, zilizoandikwa kaskazini ya Uingereza yapata miaka 1,300 iliyopita, na ambazo mapokeo yasema ni kazi ya Askofu Eadfrith, zina kurasa nzima za nakshi zilizosukwa kama mkeka. Nyuma ya kurasa hizo wataalamu wameona matundu ya bikari na mistari ya kupimia. Basi hata fundi yule hakuona haya kutumia chombo. Chombo kilimwonyesha njia, hakikumwondolea mwendo. Tena wako wazee ambao mikono yao hutetemeka, na kalamu haiwatii. Mzee wa namna hiyo akiweka nukta moja moja katika kompyuta, akaupinda mstari polepole mpaka ukae, ameketi katika shule ile ile ya mwenye kalamu. Na mwenye kalamu achoraye mbio ili asifiwe, ameketi nje yake.

Kwa hiyo kipimo si kalamu wala kompyuta. Yatupasa kujiuliza tumekuja kutafuta nini. Ikiwa zatakiwa kadi mia za harusi kabla ya Jumamosi, itumiwe mashine bila kusita; kujitesa bure si wema. Lakini ikiwa twatafuta nusu saa ya kunyamaza, tusiifupishe, maana kuifupisha ni kuipoteza. Na tukimpelekea mgonjwa kadi, tumwambie kweli jinsi ilivyofanywa. Kadi ya mashine iliyotolewa kwa upendo ni zawadi njema, bali kujisifia saa ambazo hatukuzitoa ni uongo.

Liko neno moja zaidi, nalo lawahusu hasa wapendao kalamu. Utulivu waweza kuwa maficho. Mtu aweza kuinamia nakshi zake huku mama yake anaita chumba cha pili, kisha akajisifu kwamba ametafakari. Utulivu wa kweli hujulikana mtu ainukapo mezani. Je, anajibu kwa upole kuliko alivyojibu kabla ya kuketi? Je, anaweza kumsikiliza mwenye maneno mengi bila kuangalia saa? Ikiwa sivyo, majani yake mia mbili yamejaza karatasi tu.