Mtoto wa Jicho na Subira ya Kweli

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumbia macho na masikio na nyoyo ili tupate kushukuru. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, hapana mmoja wetu, awe wa Kibarani au wa Mji wa Kale, asiyemjua mzee ambaye zamani akisoma msahafu kila baada ya sala ya alfajiri, na leo msahafu wake umefungwa. Huenda msikitini kwa kushikwa mkono, na watu wapitao barazani huwajua kwa sauti zao. Mboni ya jicho lake imefanya weupe. Ukiwauliza wanawe, hukujibu: "Huo ni uzee, na ni kadari ya Mungu. Baba amesubiri." Basi natutazame: je, hiyo ndiyo subira?

Maradhi hayo ni mtoto wa jicho. Nyuma ya mboni mna kioo laini, kiitwacho lenzi, ambacho kazi yake ni kukusanya mwanga na kuupeleka kwenye utando ulio nyuma ya jicho. Kioo hicho, kwa uzee, na pengine kwa kisukari au kwa kuumia, huingia ukungu, mwanga usipite. Hauondoki ukungu huo kwa matone, wala kwa makombe, wala kwa zinguo. Huondoka kwa kupasuliwa.

Na kutibu jicho kwa chuma si jambo geni kwa Waislamu. Ammar bin Ali wa Mosul, aliyefanya kazi Misri yapata miaka 1000 iliyopita, ameeleza jinsi ya kumfyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii wamesema kwamba mwenye maradhi ya jicho, akiambiwa na tabibu mwaminifu kuwa akisali kwa kulala chali atapata kutibika, yafaa asali hivyo, hata kama anaweza kusimama. Lau kutibu jicho kungekuwa ni kuikataa kadari, je, wangelegeza nguzo ya sala kwa ajili yake?

Lakini matabibu wa zamani hawakuwa na cha kutia mahali pa kioo walichokiondoa, na mgonjwa aliona mambo kwa ukungu tu. Ilipofika tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', London, tabibu Harold Ridley alitia jichoni kioo cha kutengenezwa. Wakati wa vita alikuwa ameona marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege zao, na macho yao hayakuvikataa. Wenziwe wengi walimpinga kwa miaka. Leo kioo hicho, ambacho upana wake ni kama milimita 6, hutiwa watu ulimwenguni kote. Jicho hutiwa ganzi, kazi mara nyingi haifiki nusu saa, na mgonjwa hulala kwake siku ile ile.

Yatupasa pia tuseme kweli, tusimpe mtu matumaini ya uongo. Kioo hicho humfaa mwenye mtoto wa jicho. Ama aliyeharibiwa mshipa wa jicho na presha ya macho, hakimrudishii kilichopotea. Na kwa wale waliochakaa utando wa nyuma, elimu ndiyo kwanza inaanza. Mwaka 2025 zilitangazwa habari za wazee 38 wa Ulaya waliotiwa chini ya utando huo kidude cha milimita 2 kwa 2, kinachopokea picha kutoka kwenye miwani yenye kamera. Katika 32 waliopimwa baada ya mwaka, 26 waliongezeka uwezo wa kusoma herufi. Ni jambo la ajabu, lakini bado si tiba ya kila hospitali. Kwa hiyo la kwanza ni kupimwa, ijulikane maradhi ni yapi.

Sasa turudi kwenye subira. Ni kweli Mtume wetu ametueleza malipo ya Pepo kwa aliyeondokewa na macho yake mawili akasubiri. Lakini ni yeye huyo aliyetufundisha kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, na akatuamrisha tujitibu. Mtazameni Nabii Yaakub. Macho yake yalifanya weupe kwa huzuni, naye ni mfano wa wenye kusubiri. Hata hivyo aliwaamrisha wanawe watoke wakatafute, wala wasikate tamaa. Na kanzu ya Yusuf ilipoletwa ikatiwa usoni pake, hakusema, "Niondoleeni, mimi nimekwisha kusubiri." Aliipokea, akaona.

Na ni nani aliyeileta kanzu? Ni wanawe. Enyi vijana, jambo hili ni lenu kuliko la wazee. Mzee huogopa kisu, na huona haya kuwatia wanawe gharama, kwa hiyo husema, "Niacheni." Nanyi mkamwacha, kisha mkachanga maelfu kwa harusi ya siku tatu. Hapa Mombasa pana Hospitali Kuu ya Pwani, na pana hospitali ya macho ya Lighthouse for Christ, iliyojengwa na Wakristo. Hatuwalaumu wao kwa wema wao. Twajilaumu nafsi zetu. Wako wapi matajiri wetu? Ziko wapi wakfu zetu? Kila msikiti ukichangia wazee wawili tu kwa mwaka, ni misahafu mingapi itafunguliwa tena?

Na asiyetibika asidharauliwe. Abdullah bin Umm Maktum alikuwa kipofu, na Mtume alimfanya muadhini, akamwachia Madina aliposafiri. Kwa huyo, subira ni subira kweli. Ama kumwacha mzazi gizani na dawa iko karibu, hiyo si subira yake. Ni uzembe wetu.

Mwenyezi Mungu atupe nuru ya macho na nuru ya nyoyo. Amin.