BINTI ALIYECHUKULIWA MATEKA

Masomo: 2 Wafalme 5:1–4, Kumbukumbu la Torati 24:14–15



Tunaposoma habari ya Naamani tumezoea kumtazama jemadari, ukoma wake na Mto Yordani. Leo tumtazame yule binti mdogo wa Israeli. Jina lake hatuambiwi. Twajua tu kwamba majeshi ya Shamu yalivamia nchi yao, yakamchukua mateka, akawa mtumishi wa mke wa Naamani. Hakuwa askari. Alikuwa mtoto wa watu, akatolewa kwao kwa sababu mikono yake ilitakiwa kazini.

Kwetu sisi wa mpakani habari hii si ngeni. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini mwetu na kuishika sehemu iliyo kaskazini ya Mto Kagera, upande wa Missenyi. Raia wapatao 1,500 waliuawa. Ng'ombe kwa maelfu waliswagwa. Na wako wanawake waliochukuliwa mpaka Kalisizo, Uganda, wakafanyizwa kazi kambini kwa nguvu. Majina ya majemadari wa vita ile tunayakumbuka. Majina ya wanawake hao, ni wangapi kati yetu wayajuao? Mungu anayajua.

Lakini tukumbuke pasipo chuki. Utawala ule uliwatesa kwanza wananchi wa Uganda wenyewe. Askofu Mkuu Janani Luwum, wa Kanisa letu la Anglikana, aliuawa tarehe 16 Februari 1977, kabla vita haijatufikia. Nasi tukiri pia kwamba hasira ya upande wetu ilipita kiasi: Januari 1979 mji wa Mutukula ulibomolewa, na raia wasio na silaha wakauawa. Yule binti alikuwa na kila sababu ya kunyamaza na kumwacha bwana wake aoze kwa ukoma. Hakunyamaza. Alimwonyesha njia ya kwenda kwa nabii wa Mungu, akapona.

Sasa tujiulize sisi wenyewe. Wakati wa kuvuna kahawa, vibarua huvuka mpaka kuja mashambani mwetu, wengine kutoka Burundi, wengine Rwanda au Uganda. Je, twawaita kwa majina yao, au husema tu, "wale wageni"? Ujira wao twaulipa jioni, au twawazungusha tukijua kwamba mtu asiye na karatasi hawezi kwenda kushtaki? Na yule msichana wa kazi jikoni, analala wapi, anakula nini, mara ya mwisho amewaona wazazi wake lini? Torati yasema wazi kwamba kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, alipwe kabla jua halijatua, asije akamlilia Bwana juu yetu.

Hatuwezi kuwalilia waliopelekwa Kalisizo siku ya Jumapili, na Jumatatu tukala jasho la mtoto wa mwenzetu. Wiki hii kila nyumba ifanye jambo moja: imwulize mtumishi wake jina lake kamili na kwao, tena impe haki yake yote.

Tuombe: Ee Bwana, wewe uliyekuwa mgeni Misri, uwafariji waliochukuliwa kwa nguvu mbali na kwao, uiponye mipaka yetu, na utuokoe tusifanye watumwa nyumbani mwetu. Amina.