Amekosa Nini?



Katika likizo ya Mei, mvua za masika zikiwa bado hazijakata, jumuiya yetu iliwapeleka watoto wa madrasa moja ya Masese kwenye kituo cha elimu ya wanyamapori cha Entebbe. Walikuwa watoto thelathini na wawili, walimu wanne, na basi la kukodi lililoondoka mara tu baada ya Swala ya Alfajiri. Tulivuka Nile, tukapita msitu wa Mabira mvua ikipiga vioo, tukafika Entebbe karibu saa tano. Mimi nilikuwa mmoja wa waliopanga safari ile, na sitaficha kwamba nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Tuliposimama kuwatazama sokwe, binti mmoja wa miaka kama minane alinivuta mkono. Alimwonyesha sokwe aliyekaa peke yake, mgongo ametugeuzia.

"Ustadhi, yule amekosa nini?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Katika Masese anayoijua, anayefungiwa mahali asitoke ni mtu aliyechukuliwa na polisi, na akichukuliwa watu huuliza kosa lake. Kwake lilikuwa swali la haki tu.

Mhudumu wa kituo alimjibu kwa upole. Alisema wanyama wengi wa pale hawakukamatwa ili waonyeshwe. Wengine waliokotwa wakiwa yatima baada ya mama zao kuuawa na majangili, wengine walinasuliwa mitegoni, wengine walinyang'anywa watu wa magendo. Ndivyo kituo chenyewe kilivyoanza mwaka 1952, kuwa makazi ya wanyama yatima na waliojeruhiwa. Baadaye kikageuka bustani ya wanyama ya kawaida, na mwaka 1994 kikapewa kazi ya kuelimisha umma. Akawaambia pia habari za kisiwa cha Ngamba, humo humo katika Ziwa Victoria, ambako tangu mwaka 1998 sokwe yatima wanaishi katika msitu, kwa sababu aliyelelewa na binadamu tangu utotoni ni vigumu kumrudisha mwituni akaishi.

"Kwa hiyo yeye hakukosa," akasema binti.

"Hakukosa."

"Basi nani alikosa?"

"Watu," akajibu mhudumu.

"Watu gani?"

Mhudumu alinitazama mimi mwalimu, nami nikawaambia watoto muda wa chakula umefika. Haukuwa umefika. Nitaeleza kwa nini nilikwepa, lakini kwanza nianze na swali la kwanza, maana najua baadhi yenu wanajiuliza kama safari za namna hii zinafaa kisheria.

Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa. Mtu akisimama hapo tu, atasema kila banda ni dhambi. Lakini tunayo pia hadithi ya Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania na kumuuliza habari za ndege huyo. Mwanachuoni wa Kishafii wa karne ya 4 ya Hijra, Ibn al-Qass, aliandika kitabu kizima kuihusu, akatoa humo faida sitini. Na miongoni mwa yale ambayo wanachuoni wameyafahamu katika hadithi hiyo ni kwamba inajuzu kumweka ndege tunduni, maadamu anapewa haki yake ya chakula na maji na hateswi.

Basi kwa swali la kwanza nafsi yangu imetulia. Kumhifadhi kiumbe aliyekwisha kudhulumiwa, ukamlisha na kumtibu, na watoto wakajifunza huruma kwa kumwona, hilo haliko katika hukumu ya yule mwanamke. Linalonisumbua ni swali la pili. Watu gani?

Mimi nimelelewa Masese na mjomba wangu. Baba alifariki nikiwa mdogo, na mjomba akatuchukua mama na sisi watoto watatu bila kunung'unika. Alikuwa na kipande cha ardhi kilichoteremka mpaka kwenye mafunjo, kule ambako huwezi kusema kwa hakika nchi kavu inaishia wapi na ziwa linaanzia wapi. Nilipokuwa shule ya msingi alianza kuyafyeka mafunjo, akaleta tipa za udongo mwekundu, akajaza, akajenga vyumba sita vya kupangisha. Kodi ya vyumba vile ndiyo iliyonisomesha sekondari, na ndiyo inayolipa sehemu kubwa ya ada yangu ya chuo hapa Mbale. Kwa hiyo binti yule alipouliza watu gani, mmoja wao alikuwa amesimama mbele yake, amevaa kanzu, ameshika orodha ya majina ya watoto.

Mtu anaweza kusema: wewe hukuua sokwe. Kweli. Wala mjomba hakuua ndege hata mmoja. Lakini hebu tuirudie hadithi ya paka tuisome mpaka mwisho. Kosa la yule mwanamke limetajwa kwa sehemu mbili: hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia mwenyewe vijidudu vya ardhini. Tumezoea kuiona ile sehemu ya kwanza, na tunajipongeza kwa sababu hatujamnyima paka chakula. Sehemu ya pili ndiyo nzito kwa zama zetu. Ardhi ya Mwenyezi Mungu ina riziki ya kila kiumbe, na mtu anaweza kumdhulumu kiumbe kwa kukaa kati yake na riziki ile, bila kumgusa. Anayefunga mlango wa chumba na paka yumo ndani, na anayefukia kinamasi na vyura wamo ndani, wote wawili wamefunga njia. Tofauti ni kwamba wa pili haoni anayekufa.

Na waliomo ndani ya mafunjo ni wengi. Ndege aina ya mnana hufuma viota vyake pale kila mvua zinapoanza. Kuna kamongo, samaki anayevuta hewa kama sisi. Kuna nkejje, wale visamaki wadogo ambao bibi zetu hukausha na kuwapa watoto wenye surua. Sangara alipopandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, aliwamaliza wengi wa jamii hiyo. Wanasayansi waliochunguza wamekuta kwamba baadhi yao wanapona ndani ya vinamasi, kwa sababu maji ya kule yana oksijeni kidogo na sangara hawezi kuyavumilia, lakini visamaki vinaweza. Mafunjo ni kimbilio la mnyonge. Surat al-An'am inatufundisha kwamba wanyama watembeao na ndege warukao ni umma kama sisi. Ukifukia kimbilio la umma, utaitwaje?

Nikampelekea mjomba maneno haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, ndege hawalipi ada."

Ndugu zangu, tusiwe wepesi wa kulicheka jibu hilo. Wanaopenda kuzungumzia mazingira mara nyingi ni watu walioshiba, na walioshiba kwa ardhi iliyofyekwa zamani, kabla hawajazaliwa, hata hawahitaji kuiona. Mjomba alikuwa na mayatima watatu ndani ya nyumba. Kuwalea mayatima ni miongoni mwa matendo bora kabisa. Kama mtu angeniuliza lipi lilikuwa na haki zaidi mwaka ule, kiota cha mnana au mtoto wa dada yake kurudishwa nyumbani kwa kukosa ada, ningesema mtoto, na nadhani ningesema kweli. Binadamu ametukuzwa, na dharura ina hukumu yake.

Lakini wanachuoni wametufundisha pia kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake, na kwamba dhara haiondolewi kwa kuleta dhara nyingine. Hapo ndipo ninapomwomba mjomba, na kila mmoja wetu, afanye hesabu tena. Mwaka 2020, shule zote zikiwa zimefungwa kwa ajili ya korona, ziwa lilipanda. Katikati ya Mei kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, na kuipita rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa mwaka 1964. Maji yakarudi kwao. Yaliingia katika vyumba vinne kati ya vile sita, usiku, watu wamelala. Mama mmoja mwuza samaki alipoteza godoro, unga na mtaji wake wote uliokuwa ndani ya ndoo. Mjomba alipoteza kodi ya miezi mitano. Yule mama alipoteza kila kitu, na hakuwa yeye aliyefyeka mafunjo.

Ninyi mliokuwa Mbale mwisho wa Julai 2022 mnalijua jambo hili kuliko mimi. Mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika, haikuchagua nyumba za waliokata miti mlimani wala za waliojenga kingoni kwa kupenda. Ilichukua waliokuwa karibu, na waliokuwa karibu wengi walikuwa maskini.

Kwa hiyo tukisema "binadamu kwanza", tuulize ni binadamu yupi. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zimeweka mita 200 za hifadhi kutoka ukingo wa Ziwa Victoria. Wengi wetu tunaziona kama kanuni za kumpendelea ndege dhidi ya mtu. Mwaka ule niliona kwamba zilikuwa zinamlinda mwuza samaki dhidi ya mjomba wangu, na dhidi yangu.

Mwaka huu mjomba amepanga kujaza kipande kilichobaki na kuongeza vyumba vinne. Hatuna tena watoto wadogo nyumbani. Vyumba sita vya kwanza nilikuwa tayari kuviita dharura. Hivi vinne vina jina jingine, na katika orodha ya matumizi yake ipo ada ya mwaka wangu wa mwisho.

Tuliporudi kutoka Entebbe, jumuiya ilitaka kupanga safari nyingine. Nikapendekeza tusikodi basi. Jumamosi iliyofuata, mvua ikiwa imepumzika, tuliwachukua watoto wale wale baada ya Alfajiri tukatembea nao dakika kumi mpaka kwenye mafunjo ya mjomba. Huko Ulaya majira kama haya vituo vya elimu ya mazingira huwaita watu waje kuwapokea mbayuwayu wanaorudi. Mbayuwayu hao wanatoka huku kwetu, na hakuna anayewaita watoto wetu waje kuwaaga. Hatukuwa na mhudumu wala tiketi. Tulikaa kimya, tukahesabu viota vya mnana vilivyokuwa vikining'inia juu ya maji. Tulifika kumi na tisa. Baadhi ya watoto walichoka upesi wakataka kwenda kucheza mpira, na tuliwaruhusu.

Mvulana mmoja alikuwa amekivuta kiota chini kwa fimbo. Sikumpiga. Niliwasimulia watoto habari aliyoisimulia Ibn Mas'ud: masahaba walipochukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akapiga mbawa juu yao, na Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemhuzunisha kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Mvulana akakitazama kiota alichokishika. Kilikuwa kitupu, alhamdulillah. Lakini binti wa Entebbe hakuangalia kiota. Aliangalia lundo la udongo mwekundu lililomwagwa pembeni.

"Ustadhi, huu udongo ni wa nani?"

Safari hii sikusema muda wa chakula umefika. Nikasema, "Ni wa nyumbani kwetu."

Jioni ile nilimwendea mjomba. Nilimwambia kwamba sina haki ya kumhukumu, kwa sababu nilichokula nimekula. Nilimwambia ada ya mwaka wa mwisho asiiweke tena katika hesabu ya vyumba vile, nitafundisha masomo ya ziada, na ikibidi nitaahirisha muhula. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Tumekupeleka chuo, sasa umerudi kutufundisha sisi." Sikujua kama ni lawama au vipi. Alipoinuka kwenda Swala ya Isha alisema atangoja mpaka mvua ziishe, kwa sababu tipa haziwezi kupita njia ile kwenye matope.

Mvua bado zinanyesha. Sijui akingoja ni kwa ajili ya maneno yangu au kwa ajili ya matope. Nimeanza kufundisha watoto wawili hesabu, jioni, na fedha ninazopata hazijafika hata robo ya ada.

Ndugu zangu, siwaambii msiende Entebbe. Nendeni, na mkiweza wapelekeni wadogo zenu. Ila mtakaposimama mbele ya kiumbe asiyeweza kurudi kwao, na mtoto akauliza amekosa nini, msimjibu nusu. Malizieni swali lake. Nani alikosa, na udongo ulioko nyumbani kwenu ni wa nani?

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyala bila kujua, na atupe nguvu ya kuyaacha tukishajua. Wallahu a'lam.